Maswali ya wasomaji: Vitamini E, mbio ndefu na viungo vya ndani

Safari hii tumeweka pamoja barua zinazohusu kile kidonge laini cha manjano, kinachong'aa kama ushanga, ambacho wakimbiaji wanashauriana kumeza kila siku. (Wapo pia wanaokitoboa na kupaka usoni, lakini hao tutawajibu siku nyingine.) Barua tumezifupisha. Majibu tumeyaacha yaende kadiri jambo lenyewe linavyodai.

Nipo Moshi, najiandaa na mbio za kilomita 21. Kiongozi wa kikundi chetu anasema mazoezi makali yanazalisha sumu inayokula ini na moyo, kwa hiyo kila mmoja ameze vitamini E ya 400 IU (kipimo cha kimataifa cha vitamini) kila siku mpaka siku ya mbio. Nimeshanunua chupa ya vidonge 100. Nimeze au nisimeze?

Usimeze. Sababu ni ndefu kidogo, kwa kuwa kiongozi wenu hajatunga uongo. Ameanza na jambo la kweli, akalimalizia kwa dawa isiyolihusu.

La kweli ni hili. Misuli inapofanya kazi ngumu, ndani yake huzaliwa molekuli zenye elektroni isiyo na mwenza, ziitwazo radikali huru. Vitabu vya zamani vilidai kwamba asilimia 2 hadi 5 ya oksijeni yote tunayotumia huvujia huko kupitia mitokondria, vile vijiwanda vya nishati vilivyo ndani ya seli. Hesabu hiyo ilitokana na mitokondria zilizotolewa nje ya seli na kumwagiwa oksijeni nyingi kuliko ile zinayoipata mwilini; leo inajulikana kwamba kiasi halisi hakifiki hata asilimia 1. Tena imeonekana kwamba sehemu kubwa ya radikali za wakati wa mazoezi hutengenezwa na vimeng'enya maalumu vilivyo kwenye utando wa seli za misuli. Kwa maneno mengine, mwili unazitengeneza kwa makusudi. Hilo tutalirudia.

Radikali ikifika kwenye utando wa seli hukuta mafuta laini, yale yasiyoganda kwenye baridi. Huyanyang'anya atomu moja ya hidrojeni. Molekuli ya mafuta iliyonyang'anywa huchukua oksijeni, nayo hugeuka mnyang'anyi wa jirani yake, na jirani wa jirani yake, mlolongo mzima. Ni kuchacha kulekule kunakoipata chupa ya mafuta iliyosahaulika dirishani, tofauti ni kwamba huku kunatokea ndani ya mtu. Vitamini E hukaa humohumo ndani ya utando, na kazi yake ni kujitolea: humpa mnyang'anyi hidrojeni yake kabla hajamfikia jirani. Hufanya hivyo kwa kasi kama mara elfu moja kuliko mafuta yenyewe, ndiyo maana molekuli moja ya vitamini E inatosha kulinda mafuta elfu moja na zaidi. Ikishajitolea inabaki na upungufu, na vitamini C iliyo upande wa maji huirudishia kile ilichotoa. Mzunguko huo ndio unaoifanya itumike tena na tena.

Mwaka 1982 Kelvin Davies na wenzake huko California waliwakimbiza panya mpaka wakachoka kabisa, wakapima. Radikali kwenye misuli na ini ziliongezeka mara mbili hadi tatu. Panya walionyimwa vitamini E walichoka mapema: uwezo wao wa kustahimili mbio ulikuwa umepungua kwa asilimia 40. Matokeo haya ndiyo yanayozungushwa mpaka leo na wauza vidonge, lakini wanaacha neno moja: *walionyimwa*. Kupungukiwa kunaumiza, hilo halina ubishi. Wafugaji wa ndama na kondoo wanalijua kama ugonjwa wa misuli kuwa myeupe, unaotokana na ukosefu wa vitamini E na seleniamu. Kwamba aliyeshiba vitamini E atakuwa bora zaidi akiongezewa, hilo ni dai jingine, na likipimwa halisimami.

Sasa turudi kwenye makusudi. Radikali za mazoezi ni ujumbe pia. Ndizo zinazoiambia seli ijenge mitokondria mpya na iongeze vimeng'enya vyake vya ulinzi. Mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake huko Ujerumani waliwafanyisha vijana mazoezi kwa wiki nne. Baadhi walimeza kila siku vitamini C mg 1,000 pamoja na vitamini E 400 IU, wengine kidonge kitupu, kisicho na vitamini. Waliomeza kidonge kitupu, miili yao iliitikia insulini vizuri zaidi baada ya mazoezi, na vimeng'enya vyao vya ulinzi vikapanda. Waliomeza vitamini hawakupata faida hiyo. Watafiti wa Norway walirudia jambo linalofanana mwaka 2014, kwa watu 54 na wiki 11, wakitumia C mg 1,000 na E mg 235. Hapa tuseme ukweli wote: uwezo wa mapafu na moyo kutumia oksijeni uliongezeka sawasawa kwa makundi yote mawili. Kilichozimwa ni ile ishara ndani ya misuli, yaani protini za mitokondria zilizotarajiwa kuongezeka hazikuongezeka kwa waliomeza vitamini.

Na dozi ikizidi? Kwenye mashindano ya triathloni (kuogelea, baiskeli na kukimbia) ya Kona, Hawaii, wanamichezo waliomeza 800 IU kwa miezi miwili kabla ya mbio walionyesha alama *kubwa zaidi* za mafuta yaliyochacha kwenye damu kuliko wenzao wa kidonge kitupu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004. Hayashangazi ukikumbuka ule mzunguko: vitamini E iliyojitolea na isipate wa kuirudishia hidrojeni yake, nayo ni radikali.

Kwa hiyo chupa yako, kama haijafunguliwa, jaribu kuirudisha dukani. Fedha hiyo inunue karanga.

Mimi ni mwalimu wa biolojia, Morogoro. Maelezo mengi ninayoyapata yanazungumzia misuli tu. Je, viungo vingine vya ndani vinapata nini mtu anapokimbia muda mrefu?

Swali zuri, mwalimu, na jibu lake linabadilika kutoka kiungo hadi kiungo, kwa sababu wakati wa mbio damu haigawanywi sawa.

Anza na utumbo, maana ndio unaosahaulika na ndio unaoteseka. Katika mazoezi makali damu inayokwenda tumboni inaweza kupungua hadi kwa asilimia 80, ikielekezwa miguuni na kwenye ngozi ili kupoza mwili. Seli za ukuta wa utumbo zinakaa na njaa ya oksijeni. Mbio zikiisha damu inarudi kwa wingi, na hapo ndipo radikali zinapofumuka: kimeng'enya kiitwacho zanthini oksidesi, kilichobadilika umbo wakati wa njaa, hupokea oksijeni inayorudi na kuitoa ikiwa radikali. Ukuta unalegea, vitu vya tumboni vinapenya kwenye damu, na mkimbiaji anapata kichefuchefu, kuharisha, au choo chenye damu. Anayemeza dawa ya maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni kabla ya mbio "ili magoti yasimsumbue" anaongeza uharibifu huohuo wa utumbo, na anazibana figo ambazo tayari zimepunguziwa damu. Kama kuna dawa moja ya kuacha asubuhi ya mbio, ni hiyo.

Ini ndilo karani wa vitamini E. Lina protini maalumu inayochagua umbo moja tu, alfa-tokoferoli, kati ya maumbo manane yanayotoka kwenye chakula. Mengine hutolewa nje kwa nyongo na mkojo. Wakati wa mbio ini nalo hupunguziwa damu huku likidaiwa sukari, ndiyo maana kwa wale panya wa 1982 radikali zilionekana kwenye ini na si kwenye misuli peke yake.

Moyo una mitokondria nyingi kupita kiungo kingine chochote cha kazi, lakini katalesi, kimeng'enya kinachovunja haidrojeni peroksaidi (kemikali inayoweza kuzaa radikali), ni kidogo sana ndani yake ukilinganisha na ini. Unafidia kwa kujizoeza: mazoezi ya kawaida huongeza vimeng'enya vingine vya ulinzi ndani ya msuli wa moyo. Baada ya marathoni troponini, protini ya msuli wa moyo, hupanda kidogo kwenye damu hata kwa watu wazima wa afya, kisha hushuka ndani ya siku moja hadi tatu.

Chembe nyekundu za damu zinastahili mstari wao. Zimebeba chuma na oksijeni pamoja, hazina kiini cha kujitengenezea protini mpya, na kwa mkimbiaji zinapondwapondwa kwenye nyayo kila hatua. Mtu aliyepungukiwa vitamini E, chembe zake hupasuka upesi; kwa watoto njiti upungufu huo ulijulikana zamani kwa kuwaletea upungufu wa damu.

Figo hupitisha albumini kidogo, protini ya damu, kwenye mkojo baada ya mazoezi makali, na hali hiyo huisha ndani ya saa 24 hadi 48. Mapafu shida yake kubwa ni hewa unayovuta: moshi wa magari na vumbi la barabarani, unapohema kwa nguvu, huingia mwingi kuliko ukiwa umekaa, kwa hiyo kubadilisha njia ya mazoezi kuna faida kuliko kidonge. Ubongo una mafuta laini mengi, na huishikilia vitamini E kwa mkono mgumu: chakula kikipungua, ubongo ni wa mwisho kuipoteza. Ndiyo maana madhara ya neva kwa waliopungukiwa huchukua miaka kujitokeza.

Kwa darasa lako: weka mafuta mabichi ya alizeti kwenye chupa mbili nyeupe zilizojaa nusu. Moja ikae dirishani kwenye jua, nyingine ifungwe kwa gazeti na kuwekwa kabatini. Baada ya wiki kadhaa wanafunzi wanuse. Muda wote ambao ile ya dirishani haikuwa na harufu, vitamini E ilikuwa inatumika. Harufu inapoanza, imekwisha. Hakuna mchoro ubaoni utakaoeleza jambo hili vizuri kuliko pua.

Naandika kutoka Singida. Tunakamua alizeti wenyewe kwenye mashine ya kijijini. Kijana wangu anakimbia kila siku. Je, mafuta haya yanamtosha vitamini E, na tuyatunze vipi yasiharibike?

Mama, kijana wako ana bahati kuliko wengi. Mafuta ya alizeti ni kati ya vyakula vyenye alfa-tokoferoli nyingi zaidi: kijiko kimoja cha chakula (mililita 15) kina kama mg 5.6. Kijiko hichohicho cha mafuta ya mahindi kina kama mg 1.9, ya soya mg 1.1, mawese mg 2.2. Mafuta ya nazi karibu hayana kitu, na ya ufuta yana umbo jingine la tokoferoli ambalo ini halilipendelei.

Mtu mzima anahitaji kiasi gani? Marekani wanapanga mg 15 kwa siku kwa wote. FAO na WHO wamependekeza mg 10 kwa wanaume na mg 7.5 kwa wanawake. Tofauti hiyo inatokana na namna ya kukadiria, na pia na jambo hili: kadiri mtu anavyokula mafuta laini, ndivyo anavyohitaji vitamini E ya kuyalinda. Kanuni inayotumika ni kama mg 0.4 kwa kila gramu ya mafuta laini. Kijiko cha alizeti kina karibu gramu 9 za mafuta hayo, kwa hiyo kinadai mg 3.6 na kinaleta 5.6, kimejilipia na kuacha chenji. Kijiko cha soya kinadai zaidi ya mg 3 na kinaleta 1.1. Ndiyo sababu tunasema alizeti, hatusemi "mafuta ya mbegu" kwa jumla.

Tuchukue siku moja ya kijana wako. Konzi moja ya karanga (gramu 30), mg 2 hivi. Spinachi iliyopikwa, gramu 100, karibu mg 2. Nusu parachichi kubwa, mg 2. Vijiko viwili vya mafuta ya alizeti, kimoja kwenye mboga na kimoja kwenye maharage au chapati, mg 11. Jumla ni 17. Toa kidogo kinachopotea jikoni, bado amefika 15. Akila na mbegu za alizeti zilizomenywa na kukaangwa kavu, gramu 30 zinampa nyingine kama 8. Wengi hudhani korosho ni hazina ya vitamini E kwa kuwa ina mafuta mengi. Haina, gramu 100 hazifikishi hata mg 1.

Kuhusu utunzaji, makosa tunayoyaona ni yaleyale. Mafuta yanatoka mashineni yakiwa ya moto na yenye mashapo, mtu anayamimina moja kwa moja kwenye dumu na kufunga. Mashapo hayo yana unyevu na vimeng'enya vya mbegu, na ndiyo yanayoanza kuyaharibu. Yaache yapoe na kutulia kwa siku mbili hadi tatu kwenye chombo kilichofunikwa, umimine yale ya juu taratibu, kisha uyachuje kwa kitambaa safi na kikavu. Dumu likaushwe kabisa. Tone la maji lililobaki baada ya kuosha linatosha kuleta kero. Usitumie kopo la bati lenye kutu wala chombo cha shaba, kwani chuma na shaba huchochea kule kunyang'anyana tulikoeleza kwa msomaji wa Moshi. Jaza mpaka karibu na mdomo ili hewa isipate nafasi, weka gizani, na yale ya matumizi ya wiki yatoe kwenye chupa ndogo ili usifungue dumu kubwa kila siku.

Ukichanganya mafuta mapya na masalia ya zamani yenye harufu, umeyaharibu yote. Mnyororo umeshaanza kwenye yale ya zamani, unaendelea kwenye mapya.

Na kwenye karai: mafuta ya kukaangia maandazi au samaki yakirudiwa kutwa, vitamini E huisha kabla hujaona mabadiliko ya rangi. Yatumie mara mbili, ikibidi sana mara tatu, uyachuje kila mara. Kijiko cha vitamini E kiwe kile unachokimimina kwenye mboga mwishoni, sufuria ikishaepuliwa. Kachumbari nayo inakipokea vizuri.

Kwenye duka la dawa hapa Dar es Salaam nimeona chupa mbili, zote zimeandikwa 400 IU, lakini moja bei yake ni mara mbili. Tofauti iko wapi?

Geuza chupa usome maandishi madogo. Ukiona "d-alpha-tocopherol" ni ya asili, imetolewa kwenye mafuta ya mimea. Ukiona "dl-alpha" ni ya kiwandani. Ile herufi *l* moja ndiyo tofauti yote. Ya kiwandani ni mchanganyiko wa maumbo manane ya alfa-tokoferoli yenyewe, yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, na ini linatunza nusu yake tu. Kwa hesabu: IU 1 ya asili ni mg 0.67, ya kiwandani ni mg 0.45. Chupa zako mbili zina mg 268 na mg 180.

Linganisha na mg 15 za mahitaji ya siku. Hata ile ya bei nafuu ni mara 12. Marekani wameweka kikomo cha mg 1,000 kwa siku, Ulaya mg 300. Vikomo hivyo maana yake ni "usivuke hapa", havina maana ya "lenga hapa". Vitamini E huyeyuka kwenye mafuta na kutunzwa kwenye mafuta ya mwili, haitoki yote kwa mkojo kama C. Anayeimeza kwa ushauri wa daktari aimeze pamoja na chakula chenye mafuta, kwa kuwa ikimezwa na maji tumbo likiwa tupu sehemu kubwa hupita bila kufyonzwa. Msomaji anayejali asili ya jelatini ya ganda, kama ni ya ng'ombe au ya nguruwe, atafute alama ya halali. Mara nyingi lebo inaandika "gelatin" tu.

Nafanya mazoezi Iten, Kenya. Huku juu oksijeni ni chache, kwa hiyo nilidhani radikali zitapungua. Wenzangu wanasema zinaongezeka. Nani yuko sahihi?

Wenzako. Iten iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na upungufu wa oksijeni wenyewe huisukuma mitokondria kuvujisha radikali zaidi, hasa wiki za kwanza baada ya kupanda, na zaidi ukiongeza jua kali na baridi ya alfajiri. Vipo vipimo vya miaka ya 1980 vya wapanda milima waliomeza vitamini E kwenye miinuko mikubwa, na pentani, ile gesi ya mafuta yaliyochacha inayotoka kwenye pumzi, haikupanda kwao kama ilivyopanda kwa wenzao wasioimeza. Lakini kambi ya wapanda milima haifanani na kambi yako: wale wanakula vyakula vya makopo kwa wiki nyingi na hawako huko kujenga mwili. Wewe umepanda Iten ili mwili upate ule ujumbe. Ukiuzima kwa kidonge, kwa nini ulipanda? Zingatia chuma kwenye chakula, kula sukuma wiki na mafuta, na wiki mbili za kwanza punguza kasi.

Nilipimwa damu siku mbili baada ya mbio za kilomita 42. Kwenye kituo kimoja cha afya niliambiwa ALT na AST ziko juu, kwamba ini limeumia, nikaandikiwa vitamini E ya kulisafisha. Sinywi pombe. Niamini?

Hapana, rudia kipimo kwanza. ALT na AST huitwa vipimo vya ini, lakini zote mbili zimo ndani ya misuli, hasa AST. Misuli ikichanika kwa mbio au kunyanyua vyuma, zinamwagika kwenye damu. Watafiti huko Sweden mwaka 2008 waliwachukua wanaume wenye afya wasiozoea vyuma, wakawafanyisha zoezi la saa moja: ALT na AST zilipanda na zilikuwa bado juu hata baada ya siku saba.

Pumzika siku kumi bila mazoezi makali, kisha omba vipimwe pamoja na CK (kimeng'enya cha misuli), GGT (kimeng'enya cha ini) na bilirubini (rangi ya nyongo). CK ikiwa juu huku GGT na bilirubini ni za kawaida, hiyo ni misuli. GGT ikiwa juu, hapo ini lina la kujieleza na daktari aendelee kulichunguza, pamoja na homa ya ini B na C.

Habari ya vitamini E na ini ina chanzo chake: mwaka 2010 ilionekana kwamba 800 IU ya asili kwa siku, kwa wiki 96, iliboresha ini la watu wenye uvimbe unaotokana na mafuta ya ini, watu wasio na kisukari. Ni matibabu ya ugonjwa uliothibitishwa, chini ya daktari. "Kusafisha" ini la mkimbiaji mzima hakuna mahali kwenye habari hiyo.

Jambo moja lisisubiri siku kumi. Mkojo ukiwa rangi ya kola au chai ya rangi, msuli umevimba na unauma kupita kawaida, au mkojo umekuwa kidogo sana, nenda hospitali saa hiyohiyo. Misuli inayovunjika kwa wingi hutoa mayoglobini, protini ya misuli inayoziba figo. Usimeze dawa ya maumivu njiani.

Nikikimbia mteremko, mapaja yananiuma siku mbili. Vitamini E itasaidia?

Haisaidii. Kwenye mbio za kilomita 50, waliomeza vitamini C na E walizuia alama za mafuta kuchacha zisipande, lakini misuli iliumia na kuuma sawa na ya wenzao. Hayo ni mambo mawili tofauti. Maumivu ya mteremko yanatokana na msuli kuvutwa huku unakaza. Dawa yake ni kuuzoesha, dakika 10 za mteremko mara moja kwa wiki, kisha kuongeza.

Shikamooni. Baba yetu, miaka 68, hapa Unguja, hutembea kwa kasi saa moja kila alfajiri. Anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, tangu apate tatizo la moyo. Jamaa wa Muscat wamemletea vitamini E ya 1,000 IU "ya kulinda moyo". Tumpe?

Marahaba. Msimpe hata kimoja kabla hajaonana na daktari wake wa moyo. Vitamini E kwa dozi kubwa hupingana na vitamini K inayosaidia damu kuganda, ileile ambayo wafarini inaizuia. Vitamini E na wafarini zikikutana, damu inazidi kuwa nyepesi, na kwa mzee anayetembea gizani kwenye mawe, kuanguka kidogo kunaweza kumletea damu kuvujia kichwani. Kama ameshaanza kumeza, msisubiri siku ya kliniki: apimwe INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda) wiki hii, na chupa aende nayo. Fizi zinazotoka damu akisukutua, madoa ya zambarau kwenye ngozi, au choo cheusi, ni hospitali moja kwa moja.

Na hiyo "kulinda moyo" imeshapimwa. Wazee wenye matatizo ya mishipa au kisukari walipewa 400 IU kwa miaka kadhaa katika utafiti uitwao HOPE: hawakupungukiwa na mshtuko wa moyo wala kiharusi, na walipofuatiliwa zaidi, taarifa ya 2005 ikaonyesha tatizo la moyo kushindwa kufanya kazi liliongezeka kwao. Kwa wanaume upo na utafiti wa SELECT, uliohusisha zaidi ya watu 35,000, ambako 400 IU kwa siku iliongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17. Matokeo hayo yalitoka 2011.

Chakula hakimdhuru: samaki, karanga kidogo, embe, parachichi. Mchicha na mboga nyingine za majani ale kiasi kilekile kila siku, asizidishe leo na kuacha kesho, maana zina vitamini K na dozi yake ya wafarini imepangwa kwa chakula alichozoea. Matembezi yake ya alfajiri aendelee nayo, ila achukue tochi.